Kaseti ya Malaria

Ukitaka kujua ugonjwa unaoua watu wa Uvira, Kongo, walioko Johannesburg, usiende hospitali. Nenda milimani kwetu, uwaulize mama zao. Watakujibu neno moja: malaria. Na Johannesburg haina malaria. Mji umekaa juu, una baridi ya kupasua midomo, na mbu wake kazi yao ni kelele. Mama zetu hawalijui hilo, nasi tumejificha nyuma ya kutojua kwao miaka mingi mno.

Léocadie naye alikuwa hajaliwaza hadi asubuhi ile aliyoshuka Joubert Park kutafuta kaseti. Alikuwa mshonaji, chumba chake cha kazi kiko Doornfontein, na alikuwa mjane ambaye ujane wake haujatangazwa. Mumewe, Pitchou, walikuwa wamekwisha kumzika huku huku. Lakini mama yake Pitchou, Mama Angélique, kule juu ya Uvira, alikuwa bado anamwombea mwanawe kila jioni apate kazi nzuri zaidi. Na mtu anayeombewa kama mzima hawezi kuliliwa. Matanga hayakai, nywele hazinyolewi, majirani hawaji na kuni. Pitchou alikuwa chini ya udongo wa ugenini, na kwao bado alikuwa kijana anayefanya kazi.

Kaseti ndiyo ilikuwa njia pekee. Mnara wa simu wa milimani ulichomwa zamani, na mwenye simu huko hutembelewa na watu wenye bunduki wanaotaka kujua anaongea na nani. Mama Angélique hasomi. Ana redio-kaseti ambayo Pitchou alimpelekea, na ana masikio. Miaka yote walitumiana kaseti ile ile moja: Pitchou anasema, mama anasikiliza, kisha anarekodi majibu juu ya maneno ya mwanawe na kuirudisha. Sauti moja inakula nyingine. Hakuna aliyewahi kufikiria kuhifadhi. Mtu aliye hai hahifadhiwi. Kifo kilipokuja, kaseti ile ilikuwa milimani, kwa hiyo ikabidi kutafuta nyingine.

Mzee Yasini, mtu wa Tanga, alikuwa na meza yake kwenye ukuta wa duka la nywele: redio zilizokongoroka, rimoti zisizo na televisheni, na masanduku ya kaseti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yule mteja wangu yuko wapi? Mumeo akija hapa hunipotezea asubuhi nzima kwa maneno, kisha ananunua betri."

"Anaumwa," alisema Léocadie. Ulimi wake ulitangulia, yeye akaufuata.

"Anaumwa nini?"

"Malaria."

Mzee Yasini aliacha kufuta vumbi. Huyu alizaliwa penye malaria, aliugua malaria utotoni hadi akazoeana nayo kama ndugu mkorofi. Alimtazama mwanamke yule, akatazama kitambaa cheusi alichokificha chini ya koti, na uso wake ukabadilika polepole.

"Malaria," alirudia kwa sauti ya chini. "Nyinyi watu wa Kongo mmeniambia neno hili mara nyingi kwenye meza hii. Pole, mwanangu. Pole sana."

Léocadie aliinamia sanduku. "Naomba iliyo tupu, mzee."

"Kaseti tupu ziliisha duniani zamani. Hizi zangu zote zina watu ndani. Wewe unawaambia wasogee tu."

Alimchagulia moja ya rangi ya kijivu, isiyo na jina. Ilitoka, alisema, kwenye rundo la vitu vilivyomwagwa barabarani Doornfontein, siku watu walipotolewa kwa nguvu kwenye jengo na mali yao ikaachwa kwenye mvua. Kuna magodoro yaliyochukuliwa, kuna masufuria. Kaseti hakuna aliyezitaka.

Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, redio inakataa kurekodi juu yake. Ndivyo mtu anavyosema kwamba maneno haya yasiguswe. Kaseti ile ilikuwa imevunjwa vijino vyote viwili. Mzee Yasini alikunja vipande vya gazeti, akaziba matundu kwa ncha ya bisibisi, kama alivyofanya kwa kila moja.

"Hujaisikiliza?" aliuliza Léocadie.

"Nikisikiliza zote nitafanya biashara saa ngapi? Aliyeivunja alikuwa na sababu yake. Na wewe una yako. Chukua."

*

Waliirekodi Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha Léocadie kule Troyeville, jua likiingia dirishani hadi kwenye kapeti. Watoto wawili wa Pitchou, wanaojibu Kiswahili cha mama yao kwa Kizulu, walipelekwa kwa jirani. Walibaki Léocadie na Gustave, kaka mkubwa wa Pitchou, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa chama cha watu wa kwao. Gustave alivaa suti. Alikuwa mtu mwema, hili lisemwe mapema. Aliosha maiti nyingi za watu wasio na ndugu. Alikuja akiwa ameshapanga kila kitu.

"Bon. Shemeji, sikia. Mama iko na moyo wa kuruka-ruka. Hatuwezi kumtupia habari kama jiwe. Tunapanda ngazi."

Léocadie aliijua ngazi. Kwao kila mtu anaijua. Kwanza mtu ana homa. Kisha homa imekataa dawa. Kisha amelazwa. Mwisho, msikiaji akiwa ameanza kulia mwenyewe, ndipo anaambiwa. Ni desturi ya huruma, na mahali pake ilikuwa nzuri: mleta habari alikuwa jirani, ngazi yote ilipandwa kati ya asubuhi na jioni, na juu yake ukweli ulikuwa umekaa unangoja. Huku tulikokuja tulibeba ngazi tukaacha nyumba. Habari inapanda hadi malaria, inakaa pale pale miaka, inaota ukungu. Na waajiri, na polisi, na vijana wenye marungu, na mawakala wa majengo, wote wanalala usingizi mzuri, kwa sababu milimani kwetu hakuna mama hata mmoja anayejua majina ya kazi yao.

"Kaseti ya kwanza ni malaria tu," Gustave aliendelea. "Lakini Mama hataamini bila sauti ya Pitchou. Kila kaseti ilianza na yeye. Donc, tutamweka."

"Utamweka namna gani?"

Aliitoa mfukoni simu ya Pitchou, ile aliyoisahau nyumbani jioni ya mwisho. Ilikuwa na ufa katikati ya kioo. Alikuwa ameshatafuta, akapata ujumbe wa sauti wa majira ya baridi yaliyopita, Pitchou akiwa kazini na mafua. Alibonyeza.

"Mama watoto," ilisema sauti ya Pitchou, nzito, yenye pua iliyoziba, "leo najisikia homa, lakini usiogope. Nitafika."

Léocadie alikaa chini. Huo ulikuwa ujumbe wake yeye. Alikumbuka hata chungu kilichokuwa jikoni siku ile.

"Tunaanzia kwenye 'leo,'" alisema Gustave kwa upole. "'Mama watoto' tunairuka."

"Shemeji, unataka maiti imdanganye mama yake."

"Nataka mama yangu aishi."

Léocadie aliitia kaseti ya kijivu kwenye redio. Alibonyeza kitufe chekundu. Gustave aliikaribisha simu kwenye matundu ya redio-kaseti ya Pitchou, na Pitchou akasema leo najisikia homa, lakini usiogope, nitafika. Kisha ikawa zamu ya mke.

"Mama, shikamoo. Ni mimi Léocadie. Mwanao... ni malaria, Mama. Amemeza dawa. Anawa..."

Sauti ilimkatika.

"Rudia," alisema Gustave. "Usilie. Sauti ya kilio inasafiri."

Alirudia. Alipomaliza, walirudisha utepe nyuma ili wasikilize.

Pitchou alisema maneno yake. Kisha Léocadie akajisikia akisalimu, na chini ya salamu yake palikuwa na kitu kama mtu anayeongea chumba cha pili. Pale alipokatika kulia, kile kitu kilipanda kikajaza pengo. Alikuwa mwanamke. Alikuwa anasema Kiswahili cha kwao, kwa lafudhi ya bondeni, ya Kiliba.

"...malaria, mama. Amemeza dawa. Anawasalimu..."

"Ni ya zamani hiyo," alisema Gustave haraka. "Redio imechoka, haifuti vizuri. Kichwa ni kichafu."

Alichovya pamba kwenye spiriti ya Léocadie ya kutolea madoa ya nguo, akasugua vichwa vya mashine, akapuliza. Walirekodi tena tangu mwanzo. Safari hii Léocadie hakulia. Walisikiliza.

Yule mwanamke alikuwepo. Alikuwa amekaribia zaidi, kana kwamba kusuguliwa kumemfungulia dirisha. Alikatika palepale alipokatika Léocadie mara ya kwanza, akavuta kamasi, na mwanamume mmoja akamwambia kwa sauti ya ujana, taratibu, kama mwalimu mwenye subira:

"Rudia, Mamie. Usilie. Sauti ya kilio inasafiri."

Nje, kwenye robot, taa za barabarani za pembeni, teksi ilikuwa inapiga honi.

Léocadie alimgeukia shemeji yake. Ile sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya leo, bila miaka na bila tumbo, lakini ilikuwa yake, mpaka ile namna ya kumeza mwisho wa neno.

"Mamie ni nani?"

Gustave alikuwa ameshika pamba yenye spiriti, anaiminya, inamtiririkia kwenye suti. "Mke wa Glody," alisema mwishowe. "Glody wa Kiliba. Mwaka ule walipotufukuza wageni mitaani. Walimpiga mchana, uwanjani nyuma ya stesheni, watu wanatazama. Ni mimi njo nilienda kumtambua, kwa soksi. Mamie alikuwa akikaa Doornfontein. Tulifanya kaseti. Akaniambia amempa msafiri."

"Hakumpa," alisema Léocadie. "Aliivunja vijino akaificha. Hakutaka kuituma, hakutaka ifutwe. Yuko wapi sasa?"

"Hakuna anayejua. Jengo lilipotolewa watu, alipotea."

"Na mama yake Glody?"

"Mama Thérèse yuko hai. Kila msafiri anayeshuka kule anaulizwa, Glody wangu yuko wapi. Mimi nilifikiri alisikia malaria, nikasema labda amesahau ngazi nyingine."

Utepe ulikuwa unaendelea kuzunguka. Kutoka humo ilitoka sauti ya chuma. Kitu kizito kiligongwa, kikatulia, kikagongwa tena, kama mnyororo unaopigwa na mtu aliyechoka.

"Kuna mtu mlangoni," alisema Gustave, naye akafurahi kupata la kufanya. Alitoa mnyororo, akafungua. Ukumbi ulikuwa mtupu hadi kwenye ngazi, una harufu ya kabichi ya jirani. Alichungulia kushoto na kulia, akarudi akafunga.

"Hakuna mtu."

"Haikuwa mlangoni," alisema Léocadie.

Alirudisha utepe kidogo, akabonyeza. Pitchou alisema: lakini usiogope. Chuma kiligongwa. Na kabla ya "nitafika", mahali ambapo hapakuwa na neno lolote kwenye simu, sauti ile ile yenye pua iliyoziba, lakini ya mbali, ya mtu aliyeweka mdomo kwenye ufa, ilisema, "Fungueni."

Sasa nitawaambia Pitchou alikufaje, maana hakuna aliyetaka kulisema katika chumba kile. Alikuwa mlinzi kwenye ghala la magodoro, mashariki mwa mji. Mwenye ghala alikuwa na desturi ya kufunga geti kwa nje jioni, kwa mnyororo na kufuli, akaondoka na ufunguo, mlinzi asije akatoka na mali. Mlinzi analinda, naye analindwa. Moto ulipoanza, walio barabarani walisikia chuma kikigongwa kwa muda mrefu. Kisha hawakusikia. Kwenye karatasi ya mazishi iliandikwa ajali.

"Zima," alisema Gustave.

"Umesikia."

"Nimesikia redio mbovu. Zima, shemeji, nakuomba."

Alizima. Gustave alikuwa ameegemea ukuta, suti imelowa spiriti, na kwa mara ya kwanza Léocadie aliona kwamba alifanana na Pitchou kwenye taya.

"Tunafanya upya," alisema Léocadie. "Bila simu. Nitasema mnyororo, nitasema kufuli, nitamtaja mwenye ghala kwa jina lake na la baba yake."

"Nikimwambia Mama mwanawe alifungiwa kama mbuzi, atakufa."

"Atakufa kwa nini? Kwa malaria?"

Gustave alifunika uso. Alipoongea alikuwa anaongea na viganja vyake. "Unafikiri ni wangapi? Unafikiri ni Mamie peke yake? Kila mmoja nilimshika mkono hivi, nikamwambia, usilie. Niliona ni huruma."

"Ilikuwa huruma," alisema Léocadie. "Lakini waliowaua ndio walioipata."

Akabonyeza kitufe chekundu. Alisema yote. Alisema Mama, mwanao amekufa, alianza hapo hapo, bila ngazi, kisha akateremka chini hadi kwenye mnyororo. Alilia akiwa anasema, na hakurudia. Alipofika mwisho Gustave alisogeza kiti kando, akapiga magoti mbele ya redio kama mtu anayetaka kupuliza makaa.

"Mama, ni Gustave. Mtume mtu Kiliba, kwa Mama Thérèse. Glody hakuwa na malaria. Hakuwahi kuwa nayo." Akaeleza uwanja, stesheni, marungu, na soksi za kijani alizomtambua nazo. "Mke wake alitaka kusema. Mimi njo nilimnyamazisha."

Walisikiliza tangu mwanzo. Léocadie alishikilia meza, akingoja. Utepe ulikuwa safi. Hapakuwa na mwanamke chumba cha pili, hapakuwa na chuma. Pale Léocadie alipokatika kulia, pengo lilikaa tupu, ila lilikuwa na utupu wa chumba chenye watu walionyamaza ili wasikie. Neno la mwisho la Gustave lilipotoka, Léocadie alizima asiusumbue ukimya ule zaidi.

Kwa sindano ya kushonea alichokoa vipande vya gazeti mgongoni mwa kaseti, kimoja kimoja, mpaka matundu yakawa wazi tena kama Mamie alivyoyaacha. Asubuhi yake aliikabidhi kwa Arlène, anayepeleka nywele za bandia hadi Bujumbura na kuvuka mpaka kwa miguu hadi Uvira. Arlène aliitia kwenye kikapu katikati ya pakiti za nywele.

*

Baridi iliondoka, mijakaranda ikachanua zambarau Bezuidenhout Valley, ndipo Arlène aliporudi. Alileta kaseti ya zamani, ile ya familia, iliyokuwa imebaki milimani. Mama Angélique hakuweza kurekodi juu ya ile ya kijivu, na labda asingetaka.

Gustave alikuja bila suti. Walikaa wakati wa jua, mahali pale pale.

Ilianza kwa Pitchou. Léocadie alishtuka mpaka akaelewa: ilikuwa salamu yake ya mwisho ya kweli, ile iliyotangulia moto, akimtania mama yake kuhusu kuku. Miaka yote mama alirekodi juu yake tangu mwanzo. Safari hii alingoja mwanawe amalize, kisha akaanza pale alipoishia.

"Léocadie, binti yangu. Tumelia. Nimenyoa nywele. Watu walikuja na kuni mpaka uani hapana nafasi. Mama Thérèse alipanda mlima na magoti yake mabovu, akasikiliza, akasema rudisha, akasikiliza tena. Analia miaka yote kwa pamoja, sisi tunamshikilia. Anamshukuru Mamie, popote alipo. Gustave, wewe ukija nitakuchapa mbele ya watu, kisha nitakupikia. Usiogope kuja."

Gustave alicheka, na kicheko kikaharibika njiani.

"Mwenye ghala tumemtaja kanisani kwa jina lake. Watoto wanalijua." Mama alikohoa. Kuku alipita karibu na redio. "Sasa yule wa mwisho. Hamkumtaja, nami sijui kama mlimsikia. Maneno ya Gustave yalipokwisha, sikuzima, niliacha utepe uende. Akaanza kugonga. Chuma, chuma. Akasema fungueni. Mama Thérèse aliniuliza, ni wako au ni wangu? Nikamwambia mimi siulizi. Nikainuka, nikafungua mlango mpaka mwisho, nikauwekea jiwe. Hatujaufunga tena."

Hakusema kwaheri. Léocadie alinyoosha mkono kwenye kitufe, kisha akauacha hewani. Utepe uliendelea kuzunguka, na kutoka kule milimani ukasikika upepo ukiingia ndani ya nyumba.